Damu ya Mtoto Ina Wazazi Wawili

Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tulilisikia shuleni tukalisahau, au hatukupata nafasi ya kulisikia kabisa. Ni habari ya maagizo yanayoujenga mwili wa mtoto tangu siku ile anapotungwa tumboni. Wataalamu huyaita maagizo hayo DNA, nasi kwa Kiswahili tumezoea kuyaita vinasaba. Pamoja nayo kuna RNA, ambayo ndiyo huyachukua maagizo hayo na kuyafikisha mahali pa kazi.

Huenda mama mmoja atasema, "Hayo ni ya madaktari, mimi yananihusu nini?" Mama mpendwa, yanakuhusu sana. Kwa kutoyajua haya, kuna wanawake wamefukuzwa katika nyumba zao, kuna bibi wazee wameitwa wachawi, na kuna watoto wamekufa ambao wangeweza kuishi. Tusomeni pamoja, polepole.

TULIYOYAKUTA USINGE

Usinge ni mji mdogo wa reli katika wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora, kwenye njia ya treni iendayo Kigoma. Watu wa huko hulima tumbaku, mahindi na karanga, na wengine hurina asali katika misitu ya miombo. Tulifika kwa mwaliko wa akina mama wa huko, tukakaa nao chini ya mwembe, kila mmoja akaeleza yaliyo moyoni mwake.

Mama mmoja kijana alikuwa amekaa pembeni na mtoto wake wa kiume mapajani. Alipofikiwa zamu alisema kwa sauti ndogo kwamba siku hizi anaishi kwa wazazi wake. Mtoto wake wa kwanza ni mzima. Huyu wa pili naye alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Alipofika miezi saba mikono na miguu ikavimba, akawa analia usiku kucha. Baadaye macho yakawa ya manjano, akaishiwa damu, akaongezewa hospitalini mara mbili. Huko aliambiwa mtoto ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengine huuita siko seli. Aliporudi nyumbani na habari hiyo, ndugu za mume wakamwambia, "Kwetu hakuna ugonjwa huo. Umekuja nao wewe." Mume wake hakusema neno. Baada ya wiki mbili akapewa nauli arudi kwao.

Akatuuliza: "Ni kweli nimemwua mtoto wangu kwa damu yangu?"

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumbembeleza tu. Linahitaji maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

KITABU KILICHOFUNGIWA KABATINI

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli. Ndani ya seli nyingi kuna kiini, na ndani ya kiini hicho ndimo DNA inamokaa. Hebu fikiri ngazi ya kamba, kama ile ambayo mrina asali angeitumia kupanda mti. Sasa ishike juu na chini uisokote. Umbo la DNA ni hilo. Kamba mbili za pembeni zimetengenezwa kwa sukari na fosfeti, na vidato vya katikati vimetengenezwa kwa kemikali nne tu: adenini, timini, guanini na sitosini. Wataalamu huziandika kwa herufi A, T, G na C. Kila kidato kina herufi mbili zilizoshikana, na hazichanganyiki ovyo: A hushikana na T, na G hushikana na C.

Ukiijua kamba ya upande mmoja umekwisha kuijua na ya upande wa pili. Kwa hiyo seli inapotaka kugawanyika, ngazi hiyo hufunguka katikati kama zipu ya gauni, kisha kila upande hutengenezewa mwenzake. Badala ya ngazi moja sasa ziko mbili zinazofanana. Hivyo ndivyo mtoto anavyokua tumboni mwako kutoka seli moja hadi kuwa mwili mzima, na kila seli mpya hupata nakala ya maagizo yale yale.

Umbo hili lilielezwa na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1953. Lakini tusimsahau mama mmoja, Rosalind Franklin, ambaye picha zilizopigwa kwa eksirei katika maabara aliyofanyia kazi London zilikuwa msaada mkubwa katika kulitambua. Alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na wenzake walipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1962 yeye hakuwapo.

Herufi hizo ni nyingi ajabu. Fungu analotoa mzazi mmoja lina herufi zipatazo bilioni 3. DNA ya seli moja tu ikinyoshwa hufikia urefu wa kama mita 2, nayo imekunjwa vizuri katika mafungu 46 yaitwayo kromosomu. Shikeni hesabu hii, akina mama, maana ndiyo msingi wa yote tutakayosema: kromosomu 23 hutoka kwa mama na 23 hutoka kwa baba. Hakuna mtoto aliyetokana na upande mmoja.

MJUMBE NA MPAGAZI

Sasa RNA inafanya nini? Tuseme una kitabu cha mapishi ulichoachiwa na mama yako. Hukichukui jikoni kikapakwa mafuta na masizi. Unakiweka kabatini, na ukitaka kupika pilau unanakili ukurasa mmoja kwenye kipande cha karatasi, ndicho unakwenda nacho jikoni. Ukimaliza, karatasi hiyo unaitupa.

DNA ndicho kitabu kinachobaki kabatini. RNA ndicho kipande cha karatasi. Haina kamba mbili kama ngazi. Mara nyingi ni kamba moja tu, na mahali pa herufi T hutumia herufi nyingine, U, yaani urasili. RNA hii ya kupeleka habari huitwa RNA mjumbe. Hutoka katika kiini ikaenda jikoni mwa seli, mahali paitwapo ribosomu, na huko maagizo husomwa herufi tatu tatu. Kila herufi tatu hutaja kiungo kimoja cha kuunganisha, kiitwacho asidi amino. Viungo vikishikamana kwa mpangilio wake, hiyo ndiyo protini. Protini ndizo hujenga misuli na ngozi, na ndizo hufanya kazi nyingi mno mwilini.

Na viungo hivyo huletwa na nani? Huletwa na RNA ya aina nyingine, ambayo sisi tungeiita RNA mpagazi. Akina mama wa Usinge walicheka tulipolitaja neno hilo, maana babu za Wanyamwezi walijulikana kote kwa upagazi, wakibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani ya Bagamoyo, na upande wa pili hadi Ujiji. Mpagazi huyu wa mwilini naye hubeba mzigo mmoja tu, tena mzigo uliotajwa na zile herufi tatu, akautua mahali pake, akarudi kuchukua mwingine. Hata jiko lenyewe, ribosomu, sehemu yake kubwa ni RNA.

HERUFI MOJA TU

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini, ambayo hubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine iitwayo beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na maagizo yake yameandikwa katika kromosomu ya 11.

Katika maagizo hayo, mahali pa kiungo cha sita, pameandikwa GAG. Kwa mwenye selimundu pameandikwa GTG. Basi, ni hilo tu. Herufi A imeondoka, ikakaa T. Mjumbe hunakili alichokikuta, naye mpagazi huleta kiungo kilichotajwa, yaani valini badala ya asidi ya glutamiki. Hakuna aliyekosea jikoni. Wamefuata karatasi waliyopewa.

Lakini tazama matokeo yake. Himoglobini ya namna hiyo, oksijeni ikipungua, hushikana yenyewe kwa yenyewe ikawa kama vijiti virefu. Chembe nyekundu ya damu, ambayo kawaida ni ya mviringo na laini, hukakamaa ikajikunja kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo maana ya jina selimundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, sehemu ya mwili ikakosa damu, na hapo ndipo mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Tena hazidumu. Chembe nzima huishi kama siku 120, lakini hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Hivyo mtoto huishiwa damu, na macho huwa ya manjano kwa mabaki ya chembe zilizovunjika.

Na mbona alikaa miezi saba hana tatizo? Hapa ndipo watu wengi huanza kutafuta mchawi. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya utotoni, ambayo maagizo yake yako mahali pengine na haina kosa hilo. Akizaliwa huendelea nayo kwa miezi kadhaa, huku ikipungua na ile ya utu uzima ikiongezeka. Dalili kwa kawaida huanza kuonekana baada ya miezi sita hivi. Hakuna jirani aliyempitisha mtoto jicho baya. Ni zamu ya ukurasa mwingine wa kitabu iliyofika.

PUNJE NNE ZA MAHINDI

Kila mtu ana nakala mbili za maagizo hayo ya beta, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala mbili nzima huandikwa AA. Mwenye moja nzima na moja yenye kosa huandikwa AS. Huyu ana vinasaba vya selimundu lakini si mgonjwa, hulima na kuzaa kama wengine wote, wala hajijui mpaka apimwe. Mwenye nakala mbili zenye kosa huandikwa SS, naye ndiye mgonjwa. (Hapa msichanganye herufi: A hii ni jina la himoglobini ya kawaida, si ile adenini ya kwenye vidato.)

Pale chini ya mwembe tuliomba punje za mahindi, nyeupe na nyekundu. Mama mmoja alishika nyeupe moja na nyekundu moja, mwenzake akashika vivyo hivyo. Huyu ni mama, huyu ni baba, wote AS, wote wazima. Kila mmoja afumbe macho atoe punje moja. Tukarudia mara nyingi. Zikitoka nyeupe mbili, mtoto ni AA. Ikitoka nyeupe na nyekundu, mtoto ni AS. Zikitoka nyekundu mbili, mtoto ni SS. Kwa wazazi wa namna hii, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kuwa AS, na moja katika nne ya kuwa AA.

Zingatieni neno "kila mimba". Si kwamba ukizaa wanne, mmoja lazima awe mgonjwa. Wengine huzaa wanne wazima, na wengine huzaa wawili wa kwanza wagonjwa. Punje hurudishwa mkononi kila mara. Na mzazi mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hawatapata mtoto wa SS.

Basi jibu la mama yule ndilo hilo. Mtoto hawezi kuwa SS kwa damu ya mama peke yake. Inatakiwa punje nyekundu ya pili, na punje hiyo hutoka upande wa baba.

Kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyekuwa amekaa kimya muda wote akizitazama punje. Hatukujua kwamba ndiye mama mkwe wa yule kijana. Akasema, "Mimi nilizaa saba. Wawili walivimba mikono na miguu namna hii hii, wakafa wadogo. Nami niliambiwa nimewala." Akanyamaza. Kisha akamwambia mkwewe, "Mwanangu, huyu mtoto ni wa kwetu." Walikuwapo akina mama waliolia, nasi tulikuwa miongoni mwao.

KOSA HILI LILITOKA WAPI?

Hakuna ukoo wa kuuonea aibu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba watu wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Haina maana hawaugui malaria. Huugua, lakini hawaelekei sana kufa nayo wakiwa watoto. Kwa hiyo katika nchi za mbu, waliobeba herufi hiyo moja waliishi wakazaa, nayo ikadumu. Ilikuwa ngao, ila wawili wenye ngao wakikutana, kuna mtoto anayelipia.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 ilipimwa, ikaonekana karibu mmoja kati ya watano ni AS, na kama mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Mmoja kati ya watano! Hebu hesabuni waliokaa nanyi kwenye benchi kanisani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani.

Herufi hiyo ilisafiri pia na watu. Njia ya misafara iliyopita nchi hii ya magharibi, kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani, ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha wanaume, wanawake na watoto, wengine kwa hiari yao na wengine katika minyororo. Leo madaktari wa Oman wakisoma vinasaba vya wagonjwa wao wa selimundu, huona kwa baadhi yao alama za jirani na kosa hilo zinazofanana na za Wabantu wa huku kwetu. Waliovushwa bahari hawakuachiwa vitabu vya kuandika majina yao, lakini damu ilihifadhi kumbukumbu.

MAMBO MENGINE WANAYOSINGIZIWA AKINA MAMA

Tukiwa hapo hapo, mama mmoja aliuliza habari ya kuzaa mabinti tu. Jambo hilo nalo liko katika kromosomu. Mama ana X mbili, kwa hiyo kila mtoto humpa X. Baba ana X na Y. Akitoa X, mtoto ni wa kike. Akitoa Y, ni wa kiume. Anayemfukuza mke kwa kuzaa wasichana anamfukuza kwa jambo ambalo limetoka kwake mwenyewe, wala yeye naye hakulichagua.

Mwingine aliuliza kwa nini mwenye virusi vya UKIMWI ameze dawa kila siku hata akijisikia mzima. Virusi hivyo vimebeba RNA. Vikiingia katika seli huigeuza RNA yao kuwa DNA, kisha hujipenyeza ndani ya kitabu chetu wenyewe na kujificha humo. Dawa huzuia visizaliane, lakini ukiacha, vilivyojificha huamka. Kipimo kiitwacho wingi wa virusi huhesabu hiyo RNA katika damu. Na mtoto mchanga wa mama mwenye virusi hupimwa vinasaba vya virusi vyenyewe, kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake huweza kubaki katika damu yake hadi miezi 18 na kupotosha kile kipimo cha kawaida. Msikose tarehe hizo kliniki.

Neno moja zaidi, la tahadhari. Majibu ya damu yasigeuzwe fimbo ya kumpigia mke. Ikiwa baba amepimwa akaambiwa hana selimundu na mtoto anayo, msikimbilie kuvunja nyumba. Kuna makosa mengine ya himoglobini ambayo kipimo kidogo hakiyaonyeshi, tena vipimo huweza kukosewa. Rudieni kwa daktari. Kupima nani ni mzazi wa mtoto ni jambo lingine kabisa, ambalo hapa Tanzania hufanywa kwa taratibu za Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu. Si jambo la kubahatishwa sebuleni.

MTOTO HUYU ATAISHIJE?

Ugonjwa huu si hukumu ya kifo. Mwenye mtoto wa SS ashike mambo haya:

Mtoto ahudhurie kliniki hata akiwa mzima, apate chanjo zote, na anywe dawa alizoandikiwa, kama vile foliki asidi, na penisilini anapokuwa mdogo.

Alale ndani ya chandarua kila siku. Ile ngao ya AS yeye hana, na malaria humshusha damu haraka sana.

Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asifanyishwe kazi au michezo ya kumchosha kupita kiasi. Mwalimu wake aelezwe, asije akamchapa kwa uvivu.

Homa isisubiri asubuhi. Mtoto huyu akipata homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, akilegea upande mmoja au kushindwa kusema vizuri, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mama umwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla, ni hatari, kimbia.

Msimchanje chale wala kumkanda kwa maji ya moto sana sehemu zenye maumivu.

Iko pia dawa iitwayo hydroxyurea, ambayo huamsha ile himoglobini ya utotoni ipatikane kwa wingi tena, na hivyo kupunguza maumivu na kuongezewa damu. Hutolewa kwa uangalizi wa daktari, na damu hupimwa mara kwa mara. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili wagonjwa wamekuwa wakifuatiliwa kwa mpango maalumu tangu mwaka 2004, na Profesa Julie Makani, Mtanzania na mwanamke mwenzetu, ni mmoja wa walioiongoza kazi hiyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Na mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuhariri vinasaba, ambamo kipande cha RNA huongoza mkasi wa kemikali hadi mahali panapotakiwa katika DNA. Tiba hiyo bado ni ghali mno, na hatupendi kuwapa mama wa Usinge tumaini lisilofikika. Lakini chandarua, chanjo, maji na kuwahi hospitali vinaokoa watoto leo.

KABLA YA HARUSI

Wazazi wenye vijana, waambieni wapime mapema, kabla ya barua ya posa, maana baada ya mahari kupokelewa na kadi kuchapwa watu husikia aibu kurudi nyuma. Kupima si kumdharau mtu. Vijana wawili wa AS wakipendana, waijue habari hiyo wote wawili, waisemezane mbele ya daktari na mchungaji au padri wao, waamue macho yakiwa wazi. Na waliokwisha kuoana bila kujua wasitengane kwa hilo. Kazi yao ni kuwapima watoto mapema na kupanga uzazi kwa kupatana.

Tunakumbuka habari ile katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu alikataa swali lenyewe. Hakutafuta wa kulaumiwa, alimshughulikia mgonjwa. Nasi tujifunze hivyo hivyo katika nyumba zetu.

Wiki chache baada ya kuondoka kwetu Usinge tulipata habari. Bibi alimwita mwanawe akamweka chini. Mume, mke na mtoto wakapanda treni kwenda Tabora, wakapima. Wote wawili ni AS. Mama amerudi nyumbani kwake. Mtoto bado anaumwa siku nyingine, na usiku mwingine wanakesha. Ila sasa wanakesha wawili, na bibi huamka kuwachemshia chai.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI MWEZI HUU

1. Je, mimi na mume wangu tunajua kama sisi ni AA au AS? Tutakwenda lini kupima?

2. Katika ukoo wetu, kuna watoto waliokufa wadogo na mama zao wakalaumiwa? Je, yuko anayestahili kuombwa radhi angali hai?

3. Je, katika jumuiya yetu kuna mama anayemwuguza mtoto wa selimundu? Nani atamshika mkono siku atakapolazwa naye?

Tuonane mwezi ujao. Amani ikae nyumbani kwenu.